Bustani Nyuma ya Nyumba: Sadaka Tunayoisahau

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.



Leo sitakupelekeni mbali. Nitakupelekeni nyuma ya nyumba zenu, kwenye kile kipande cha ardhi ambacho wengi wetu hapa Uingereza tunakiona ni mzigo: majani ya kukata, matope, na ua wa miti usiokwisha kupunguzwa.

Nakiri kwamba nami nilikuwa hivyo. Mwaka jana, mwanzoni mwa Ramadhani, nilikwishapatana na fundi aung'oe ua na kumwaga zege bustani nzima. Mke wangu aliponiuliza kulikoni, nikamjibu neno tulilolizoea sote: "Sisi hapa ni wapita njia."

Siku chache baadaye, nimekwisha sali Alfajiri na jua halijachomoza, nikasikia sauti juu ya kibanda cha jirani. Alikuwa yule ndege mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye wenyeji humwita blackbird. Aliimba taratibu, kama msomaji asiye na haraka ya kumaliza juzuu. Miaka 18 nimeishi katika nyumba ile, na siku hiyo ndiyo kwanza nimsikilize. Nikamkumbuka marehemu mama, uani kwetu Unguja, akiwamwagia ndege makombo ya wali na kutukataza kuwapiga manati chozi waliokuja kufyonza maua.

Kulipopambazuka nikamwona jike lake, la rangi ya kahawia, likiingia katika ule ua na majani makavu mdomoni. Lilikuwa likijenga kiota.

Sheria ya nchi hii ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota kinachojengwa au kinachotumiwa. Lakini sisi tulikwisha fundishwa kabla ya hapo. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, masahaba walichukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipapatika, Mtume (s.a.w.) akauliza nani aliyemtia uchungu ndege huyu, akaamuru arudishiwe wanawe. Nikampigia fundi simu. Arubuni yangu ikapotea, wala sijuti.

Ndugu zangu, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mtume hakuweka sharti kwamba ardhi hiyo iwe ya kwenu mlikozaliwa. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, ameagizwa aupande akiweza. Je, yupo mpita njia kuliko mtu huyo?

Basi tokeni mkatazame. Majira haya utamwona nyuki mkubwa mwenye manyoya akiruka chini chini. Huyo ni malkia, aliyepita kipupwe peke yake, na sasa anatafuta mahali pa kuanzisha kizazi. Yale maua ya njano tunayoyang'oa kama magugu ni chakula chake. Usiku huenda akapita kalunguyeye, ambaye tangu mwaka 2020 amewekwa katika orodha ya wanyama wa Uingereza walio hatarini kutoweka. Tundu la sentimita 13 chini ya uzio lamtosha kuingia.

Acheni pembe moja bila kukatwa. Wekeni sahani ya maji. Msikate ua wakati wa viota, tangu Machi hadi Agosti. Asiye na bustani, na apande nanaa dirishani. Na baada ya Alfajiri, waiteni watoto wasikilize, kwani Qur'ani yatufundisha kuwa viumbe hao ni umma kama sisi, na kila kitu kinamsabihi Mola wake ijapokuwa hatufahamu.

Ewe Mola, tujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kushukuru, uwarehemu wazee wetu waliotutangulia, na uzikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.