Mzazi, Nafasi Yako Katika Kamati ya Shule

Leo nasema na mzazi ambaye mtoto wake anasoma kwa Kiingereza, na yeye mwenyewe hakijui.

Katiba ya Sudan Kusini ya 2011 inasema Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Mtihani wa darasa la nane nao ni wa Kiingereza. Lakini mtoto aliyekimbia Khartoum alisoma kwa Kiarabu, na aliyetoka Bukavu alisoma kwa Kifaransa. Akifika hapa, hesabu anaijua ila swali haelewi, basi anarudishwa madarasa ya chini. Kijana wa miaka 14 akikaa benchi moja na watoto wa miaka 7, ataona haya, na siku moja hatarudi tena shuleni.

Jambo hili nani atalisema? Shule nyingi zina kamati ya shule, au chama cha wazazi na walimu. Lakini wazazi wengi husema, "Mimi sijui Kiingereza, nitaongea nini huko?" Ndugu yangu, wewe ndiye unayejua mtoto wako alifika darasa gani kule mlikotoka, na kwa nini asubuhi hizi anasema tumbo linamuuma.

Kule California, Marekani, kila shule ya serikali yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza hutakiwa kuwa na kamati ya ushauri yenye wazazi wao. Wazazi hao huwachagua wajumbe wao, na kamati humshauri mkuu wa shule kuhusu masomo ya watoto hao. Mzazi haulizwi kama anajua Kiingereza.

Wewe nawe unaweza kuanza wiki hii.

Kwanza, muulize mwalimu mkuu kamati inakutana lini, na wajumbe wanachaguliwa vipi.

Pili, ombeni mkutano uwe kwa lugha mnayoelewana, iwe Kiarabu cha Juba au Kiswahili, au awepo mtu mzima wa kutafsiri. Usimtume mtoto wako atafsiri. Hawezi kumwambia mwalimu wake malalamiko yako yote.

Tatu, nenda na maswali mawili tu. Mtoto mgeni anapimwaje kabla ya kupangiwa darasa, na je, hesabu anapimwa kwa lugha anayoijua? Je, kuna saa ya kuwafundisha Kiingereza watoto wakubwa peke yao?

Nne, omba jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mkutano ujao, ulizia limefikia wapi.

Kamati haina uwezo wa kulipa mishahara ya walimu wala kujenga madarasa kwa siku moja. Lakini kumpima mtoto kwa lugha yake hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji mwalimu au mzazi anayeijua lugha hiyo, na saa moja ya mchana.

Mama mwenye mtoto mchanga, njoo naye mgongoni. Ukiona aibu kwenda peke yako, mwite jirani mwende wawili. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.