Mali ya Kanisa Isilale Bure

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya makanisa ya Nakivale katika Siku ya Wakimbizi Duniani)



Tumeombwa tuseme habari ya makanisa yetu kujitegemea. Hali mnaijua. Mwaka 2020 mgao wa chakula wa WFP hapa Uganda ulishushwa hadi asilimia 70, mwaka 2021 ukafika 60, na mwaka 2023 familia zikagawanywa mafungu kwa kadiri ya uhitaji. Sahani ikipungua, kapu la sadaka nalo hupungua. Mchungaji ana watoto, na mjane anayebisha hodi usiku hawezi kuambiwa angoje wafadhili.

Lakini tutazame tulicho nacho. Jengo la kanisa lina watu Jumapili, siku ya maombi na jioni za waimbaji. Siku nyingine lina kufuli, na waumini ni popo. Humo ndani mna viti, meza na turubai. Kule kwetu Kivu tulizoea kuona misioni yenye nyumba ya wageni, karakana ya useremala na shamba. Hakuna aliyesema dini imeharibika. Paulo mwenyewe alishona hema kule Korintho.

Tuanze na viti. Tunapendekeza wenye harusi walipe, na mashirika yenye semina yalipe, maana fedha ya ukumbi wanayo (wasitukasirikie). Msiba hapana. Aliyefiwa apelekewe viti bure, awe wa kanisa letu, wa kanisa jingine au Mwislamu. Jambo hili liandikwe, lisiachwe kwa huruma ya shemasi wa zamu.

Kisha paa. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita 8 kwa 15 hutoa karibu lita 1,200. Leo maji hayo yanachimba msingi wa kanisa. Yakiingia kwenye tangi yatalisha kitalu cha miche na mboga za kuuza. Maji ya kunywa tusimuuzie jirani.

Kuhusu kiwanja tuwe waangalifu. Kanuni za mwaka 2010 zinakataza mkimbizi kuuza au kupangisha ardhi aliyogawiwa. Kwa hiyo vibanda vya duka ambavyo vijana wanavidai kando ya barabara visijengwe kabla hatujapata barua ya Komandanti.

Fedha hizi ziwe na daftari lake, mbali na la sadaka, na watu watatu wa kutia sahihi, mmoja wao mama asiye mke wa mchungaji. Mnaocheka mnajua sababu. Hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi. Tumependekeza matengenezo yatangulie, wajane na yatima wafuate, ndipo mchungaji. Baadhi ya wachungaji hawajakubali mpango huo, na hatutaki kuwaficha.

Kikao kitaendelea Jumamosi saa nane mchana. Kila kanisa lilete hesabu ya viti vyake, pamoja na vilivyovunjika.