Kabla ya Zege, Uulizeni Udongo

(Mada niliyoiwasilisha kwa vijana wenzangu, Dodoma)



Najua mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje na Katiba mkononi. Ninayo. Ila leo nataka tuongelee maji ya mvua na udongo wa viwanja vyetu, maana hapo ndipo haki zetu zinapolowa.

Dodoma ni nusu jangwa. Tunapata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo. Miezi mingine ni ndoo na foleni. Kwa miaka mingi mji huu umekunywa maji ya visima vya Makutupora. Watafiti waliochambua kumbukumbu za visima vile walionyesha kuwa maji ya chini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Sisemi maji ya paa lako yatafika Makutupora. Nasema mvua kubwa ni mali, na sisi tunaifanya adui. Tangu Serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, ni mabati na pevingi kila kona. Maji yakikosa pa kuzama yanamfuata jirani wa bondeni. Watu wa Nkuhungu hawahitaji kuelezwa.

Tupige hesabu kidogo. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 40: lita 4,000. Unazielekeza kwenye bustani ya mita za mraba 20. Kama udongo ni tifutifu wenye kichanga, unaopitisha milimita 25 kwa saa, unameza lita 500 kwa saa. Saa nane, kwisha kazi. Kama ni mfinyanzi unaopitisha milimita 3, ni lita 60 tu kwa saa. Hapo una bwawa kwa karibu siku tatu, na mbu juu yake.

Utajuaje wako ni upi? Chimba shimo pale pale maji yatakapokwenda, kwa kina kile kile. Jaza maji, yaache yazame. Kesho yake jaza tena, simamisha rula, soma kila nusu saa mpaka kasi isibadilike. Kumbukeni maji yanatoka na pembeni mwa shimo pia, kwa hiyo namba hiyo inapendelea, msiishangilie sana.

Mtu ataniuliza, kwa nini kujaza mara mbili? Kwa sababu ya udongo mweusi wa mbuga. Mwezi wa tisa umepasuka, unamwaga ndoo inapotea, fundi anasema, "Huu unanyonya, dada." Ukilowa unavimba, nyufa zinaziba, hakuna kinachopita. Ukipima kiangazi bila kuulowesha kwanza, umejidanganya mwenyewe.

Na shimo moja halitoshi. Kwenye miteremko yetu juu unaweza kukuta udongo mwekundu, chini mweusi, na katikati mwamba. Maji yasipelekwe karibu na msingi wala karibu na shimo la choo. Ukikuta mfinyanzi, achana na shimo la kunyonya. Weka tenki na mtaro wa maana.

Sasa sheria. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 81 kinataka miradi iliyotajwa kwenye sheria hiyo ifanyiwe tathmini ya athari kabla haijaanza. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

Kwa hiyo viwanja vikipimwa kwenye kata yako, usiulize bei tu. Uliza: udongo ulipimwa wapi, mashimo mangapi, mwezi gani, na mtaro unaishia wapi? Omba nakala.

Wapo watakaosema hizi ni siasa za matope. Sawa. Mwenye kiwanja ameshalipa hela yake, na matope yakiingia sebuleni hayamuulizi kadi ya chama. Barua ni karatasi moja, shimo ni jembe na ndoo. Tuanze na kata zetu, kabla ya Desemba.