Bakteria Hai Katika Duka la Pembejeo: Ubora wa Chanjo ya Mikunde Afrika Mashariki

Fasili ya mikrobiolojia tumizi imejadiliwa tangu mkutano wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 1963 na ule wa Addis Ababa wa mwaka 1967, hivyo mada hii haitairudia. Itoshe kukumbusha kwamba rizobia ni bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya mikunde, ambao huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia inayofaa kwa mmea. Na kwamba chanjo ya mikunde ni unga, aghalabu wa mboji, uliopandwa bakteria hao ili upakwe kwenye mbegu. Kituo cha Rasilimali za Mikrobiolojia (MIRCEN) cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1977, kiliitengeneza chanjo ya Biofix kwa kutumia masalia ya uchujaji wa maji ya miwa yatokayo viwandani, na sayansi yake haina utata mkubwa. Maharage na kunde hukubali rizobia wengi wa asili, kwa hiyo chanjo haileti tofauti kila mara, ilhali soya, zao la kigeni, huchagua zaidi, na ndilo linalonufaika zaidi.

Tatizo liko dukani. Pakiti iliyotoka kiwandani ikiwa na bakteria bilioni moja katika kila gramu hupangwa chini ya bati, kando ya makopo ya viuagugu, ambako joto la alasiri huwaua kimyakimya, huku tarehe iliyopigwa muhuri ikionesha miezi kadhaa ya uhai. Unga uliokufa haubadiliki rangi wala harufu. Mkulima huupaka, hupanda, na baada ya wiki sita aking'oa mche hukuta mizizi mitupu, au vinundu ambavyo vikipasuliwa kwa ukucha ni vyeupe badala ya kuwa na wekundu unaoashiria kwamba vinafanya kazi. Lawama humwangukia bwana shamba, na msimu unaofuata chanjo hainunuliwi, hata iliyo nzima.

Kipimo cha uhai wa bakteria nacho kina taabu yake, kwani kibebeo, yaani unga unaowabeba bakteria, kisipotakaswa huwa na vijidudu vingine vinavyojaa kwenye sahani za agari, na njia ya kuaminika zaidi, yaani kuotesha miche ya soya na kuhesabu iliyopata vinundu, huchukua wiki kadhaa, ambapo mvua za kupandia zimekwisha kupita. Kwa heshima zote kwa mamlaka zinazohusika, ukaguzi unaoishia kwenye sampuli ya kiwandani hupima kitu kisichomfikia mkulima.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba sampuli zichukuliwe dukani, na zichukuliwe miezi miwili kabla ya mvua. Kwamba chanjo isajiliwe kwa masharti ya kiumbe hai, si ya mbolea ya chumvichumvi. Kwamba wakala asiye na mahali pa baridi aiagize kwa oda tu, au awekewe mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, ambao gharama yake ni ndogo. Kwamba mbegu zilizotiwa dawa ya ukungu, inayoweza kuwadhuru bakteria hao, zisiuzwe pamoja na chanjo. Kwamba mashamba yenye upungufu wa fosforasi yapewe kwanza mbolea ya fosfati ya Minjingu au nyingine ifaayo. Na kwamba, jambo lililokwisha kusemwa lakini halijatekelezwa, sampuli zichukuliwe dukani.