Lugalo Si Mahali pa Kupita



Ukija Iringa kwa basi kutoka Dar es Salaam, ukishapanda mlima wa Kitonga na kuziacha nyuma nyanya za Ilula, tazama nje. Unaingia Lugalo, hapa kwetu Kilolo. Abiria wengi hapo wanaanza kukusanya mizigo, mawazo yao yameshafika stendi. Hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka tulizungumze leo: kupita.

Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilipita hapa kwa mstari mrefu, na wapagazi na punda wao. Kiliongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo. Vichakani walikuwa wamejilaza wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wakiongozwa na ndugu yake, Mpangile. Risasi ya ishara ililia, mikuki ikafuata. Ndani ya dakika chache Nyundo alikuwa amekufa, yeye na Wajerumani wenzake kadhaa, pamoja na mamia ya askari Waafrika waliowatumikia. Wahehe nao walizika watu wengi.

Kwa hiyo ukishuka, shuka kwa adabu. Hapo umekanyaga mahali palipomwagika damu ya watu.

Kosa la pili ni kulisoma jiwe la ukumbusho ukadhani umemaliza. Mnara wa zamani ulioko Lugalo ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Ukiusoma huo peke yake, utaondoka unamjua aliyeshindwa na humjui aliyeshinda. Mtafute mwongozaji, au mzee wa pale kijijini. Msalimie kwanza, kaa, kisha uliza. Usiende na saa mkononi, maana mzee hasimulii vita vya babu zake kwa mtu anayechungulia saa.

Kosa la tatu nimeliona kwa macho yangu. Kijana mmoja, amevaa vizuri, anakwangua jina lake kwenye ukuta wa kale kwa msumari. Jina, halafu mwaka, halafu moyo. Nilipomuuliza alinijibu, mbona na wengine wameandika. Kweli, walikuwepo wengi. Lakini kila mmoja wao alifuta kidogo alichokuja kukiona, na mjukuu wake akifika atakuta majina ya wageni tu.

Kosa la nne linafanywa na watu wema kabisa: kuokota. Nenda Isimila, karibu na Iringa mjini. Utateremka korongoni, na chini utakuta mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, yanayokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Moja linalala kiganjani kama jani nene, ncha mbele, kitako cha duara nyuma, na pembeni unaona alipogonga fundi, pigo baada ya pigo. Mkono wenyewe unataka kulitia mfukoni. Usilitie! Watafiti waliochimba pale mwaka 1957 na 1958 walijifunza kwa kutazama kila jiwe lililala wapi, katika tabaka gani, na lilikuwa jirani na nini. Ukilitoa mahali pake ukaliweka juu ya kabati la televisheni sebuleni, limekuwa bubu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakukataza.

Sisi watu wa Iringa tunajua uchungu wa kuchukuliwa kitu. Mkwawa alipojiua kwa risasi mwezi Julai 1898, adui zake walimkata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwa maandishi kwamba fuvu lirudishwe. Hata hivyo likachelewa mpaka Juni 1954, ndipo likafika Kalenga, kulikokuwa makao yake. Kwa miaka 56 watu walikuwa wamezika kiwiliwili Mlambalasi, wakisubiri kichwa. Watu waliosubiri hivyo hawawezi kuliona jiwe mfukoni mwa mgeni wakasema ni jiwe tu.

Ndiyo maana ukiingia makumbusho ya Kalenga, au ukisimama kaburini Mlambalasi, uliza kabla ya kupiga picha. Punguza sauti, zima muziki wa simu. Uko msibani, hata kama msiba ni wa zamani. Ukoo wa Mkwawa upo, na wajukuu wanakutazama.

Walimu wangu, ninyi ninawaomba kwa namna ya pekee. Ziara ya shule isianzie kwenye basi. Ianzie darasani, wiki moja kabla, ubaoni. Mtoto aliyefika bila kujua kitu atakimbia huku na huko, atakula andazi lake, atapigwa picha ya pamoja, atarudi nyumbani. Aliyeandaliwa atasimama kimya, halafu atauliza swali ambalo hata wewe mwalimu hukulitegemea.

Na wewe mzazi utakayepita Lugalo wiki hii, mwamshe mtoto aliyesinzia mapajani kwako. Mwonyeshe vile vilima. Mtajie jina la Mpangile, kwa sababu mnara ule wa Wajerumani hautamtajia.