AMPLIFAYA NA SPIKA ZAKE: SOMA NAMBA KABLA YA KUUNGA WAYA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya Bangwe, Katonga, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, natumaini nyote mmekwisha kaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni namba hizi nne: 4, 8, 16 na 50. Chini yake andika herufi mbili, V na W, na alama hii: Ω. Alama hiyo yafanana na kitanzi kilichofunguka chini. Leo tutazihitaji zote.

Somo letu la leo ni juu ya amplifaya na spika: jinsi ya kuchagua vitu viwili vinavyopatana, visiunguzane. Labda mtu atauliza, "Jambo hili lahusu nini darasa la kusoma na kuandika?" Lahusu sana. Amplifaya na spika huandikwa namba mgongoni. Mwenye kuzisoma huilinda fedha yake. Asiyezisoma hutegemea maneno ya muuza duka, na hasara ikitokea ni yake peke yake.

Zamani kazi hii haikuwa yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi, kila kikundi na redio yake, wakasikiliza mafunzo ya afya. Redio za namna ile zilikuwa na kila kitu ndani ya sanduku moja. Kiwanda kilikwisha kuchagua amplifaya na spika zinazopatana. Msikilizaji alitia betri, akazungusha kitufe, basi. Siku hizi watu hununua amplifaya mahali pamoja na spika mahali pengine, nyingi zikiwa zimekwisha tumika. Kwa hiyo kazi iliyofanywa na kiwanda sasa ni yako wewe mnunuzi.

KAZI YA KILA KIMOJA

Amplifaya hupokea sauti dhaifu ya umeme kutoka kwenye redio au simu, ikaifanya kuwa na nguvu. Spika hupokea umeme huo wenye nguvu, ikaugeuza kuwa sauti ya kusikika. Ndani ya spika mna sumaku, na mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Koili imeshikamana na karatasi ngumu yenye umbo la pia. Umeme ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, karatasi hutikisa hewa, nasi twasikia sauti. Mafundi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walionyesha spika ya namna hii mwaka 1925, na spika nyingi za leo bado zafuata njia hiyo.

Kumbukeni jambo moja. Katika kila wati 100 zinazoingia kwenye spika ya nyumbani, wati 1 au 2 tu ndizo hugeuka kuwa sauti. Karibu zote zilizobaki hugeuka kuwa joto ndani ya waya ule mwembamba. Ndiyo sababu spika huungua.

NAMBA YA KWANZA: OMU

Tazameni ile alama Ω ubaoni. Husomwa omu. Ni jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kitabu chake juu ya umeme mwaka 1827. Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Spika nyingi huandikwa omu 4, 6, 8 au 16.

Fikirini pampu ya maji na mabomba. Amplifaya ni pampu, spika ni bomba. Spika ya omu 8 ni bomba jembamba. Spika ya omu 4 ni bomba pana zaidi, maji mengi hupita. Watu wengi hudhani omu 8 ni nguvu kubwa kuliko omu 4. Sivyo. Shikeni maneno haya: namba kubwa, njia nyembamba; namba ndogo, njia pana.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme amplifaya yasukuma kwa volti 20. Ili kupata wati, zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu. Ishirini mara ishirini ni 400.

Kwa spika ya omu 8: 400 gawanya kwa 8, ni wati 50.
Kwa omu 4: 400 gawanya kwa 4, ni wati 100.
Kwa omu 2: 400 gawanya kwa 2, ni wati 200.

Mmeona? Omu zikipungua nusu, amplifaya hudaiwa kazi mara mbili. Ikiwa imetengenezwa kwa kazi ya wati 100, nawe waidai 200, itapata moto. Nzuri itajizima yenyewe au kukata fyuzi. Ile isiyo na kinga itaungua.

Kwa hiyo nyuma ya amplifaya, mahali pa kufungia waya za spika, huandikwa namba ya chini inayoruhusiwa. Ikiandikwa 4–16 Ω, usishuke chini ya 4. Ikiandikwa 8 Ω tu, usiweke spika ya omu 4. Kupanda juu hakuna hatari: spika ya omu 16 italia kwa nguvu pungufu, wala haitaidhuru amplifaya.

SPIKA NYINGI KWA AMPLIFAYA MOJA

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Ninyi wa Bangwe mwajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawavutwi vizuri na taa, na mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo watu wapo nyumbani, na shughuli huwa nyingi. Tuseme kikundi cha akina mama na wavuvi kimechanga fedha mwaka mzima, kikanunua amplifaya moja ya omu 4 hadi 16, na spika nne za omu 8. Wamefunga mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia. Hukodisha vyombo hivyo kwa arusi, na fedha inayopatikana huingia kwenye mfuko wa kikundi.

Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, yaani kila moja ina waya zake mbili mpaka kwenye amplifaya, ni kama mabomba mawili kwa pampu moja. Njia imekuwa pana mara mbili. Omu 8 gawanya kwa 2, ni omu 4. Amplifaya yaruhusu 4. Hapo ni salama.

Sasa yaja arusi kubwa. Mwenye shughuli asema, "Mama mwenyekiti, watu ni wengi. Ongezeni spika, mimi nitaazima nne kwa jirani." Zaongezwa sambamba, zawa nne kila upande. Omu 8 gawanya kwa 4, ni omu 2. Mwanzoni zalia vizuri, watu washangilia. Baada ya saa moja amplifaya yachemka, na kabla bibi arusi hajafika, kimya. Jasho la mwaka mzima limepotea kwa sababu hakuna aliyefanya hesabu ya kugawanya kwa 4.

Je, wangefanyaje? Iko njia ya pili ya kuunga, iitwayo mfululizo. Waya hutoka kwenye amplifaya, huingia spika ya kwanza, hutoka hapo na kuingia spika ya pili, ndipo hurudi kwenye amplifaya. Hapa omu hujumlishwa: 8 na 8 ni 16. Sasa chukua spika nne zilizo sawa. Ziunge mbili mbili kwa mfululizo, upate safu mbili za omu 16. Kisha zifunge safu hizo sambamba: 16 gawanya kwa 2, ni 8. Spika ni nne, na omu zimebaki 8. Amplifaya haina taabu.

NAMBA YA PILI: WATI

Herufi W ni wati, kipimo cha nguvu. Kwenye amplifaya, wati ni nguvu inayoweza kutoa. Kwenye spika, wati ni nguvu inayoweza kuvumilia. Hizi mbili zikaribiane. Kwa amplifaya inayotoa wati 50 kwa omu 8, tafuta spika ya omu 8 inayovumilia wati 50 au zaidi kidogo.

Jihadharini na namba za kwenye boksi. Mtaona sabufa ndogo imeandikwa wati 5000, na pembeni herufi PMPO. Hiyo ni namba ya kuvutia wanunuzi. Namba ya kutegemea ni ile yenye herufi RMS, maana ni nguvu ambayo chombo hutoa kwa muda mrefu. Ikiwa hamwoni RMS, tazameni nyuma, mahali waya wa umeme wa nyumba unapoingia. Hapo pana volti, kama 220–240 V, na karibu yake pana wati ambazo chombo hula. Tuseme pameandikwa 60 W. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 5000 mfululizo. Aliyenunua debe moja la mahindi hawezi kupima madebe mia ya unga.

Jambo la pili, wati mara mbili si sauti mara mbili. Ukitoka wati 50 kwenda 100, sikio husikia ongezeko dogo tu. Ili sauti isikike kana kwamba ni mara mbili, zahitajiwa wati karibu mara kumi. Basi usitoe fedha nyingi kwa tofauti ndogo. Tazama pia namba yenye herufi dB kwenye karatasi ya spika. Spika ya dB 90 ikipewa wati 50 hulia sawa na spika ya dB 87 iliyopewa wati 100. Kwa anayetumia betri ya sola, hiyo ni faida kubwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Tukitumia nusu tu ili isiharibike upesi, ni 600. Amplifaya inayokula wati 100 itapiga kwa saa 6, na pungufu kidogo kama yapitia inveta.

AMPLIFAYA NDOGO NAYO HUUNGUZA SPIKA

Jambo hili huwashangaza wengi. Mtu ana amplifaya ya wati 20 na spika ya wati 50. Asema, "Spika yangu ni kubwa, haiwezi kuungua." Kisha azungusha kitufe mpaka mwisho. Amplifaya yaishiwa na nguvu, nayo yakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo lawa bapa kama meza. Joto katika koili laongezeka, na kelele kali zaingia kwenye ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Hiyo ndiyo huungua kwanza.

Dalili yake ni rahisi. Sauti huanza kukwaruza, na maneno ya mwimbaji hayaeleweki. Ukisikia hivyo, rudisha kitufe nyuma mara moja. Usingoje kunusa harufu ya kuungua.

WAYA NAZO ZAHESABIWA

Waya mwembamba ni bomba jembamba. Waya wa shaba wa nusu milimita mraba, mita 20 kwenda na mita 20 kurudi, una omu 1.4 hivi. Kwa spika ya omu 4, sehemu kubwa ya nguvu hupotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5, kwa urefu huo huo, una omu 0.3 tu.

Angalieni pia alama za kujumlisha na kutoa, au rangi nyekundu na nyeusi. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza spika moja kati ya mbili, moja itasukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na besi itafifia. Kabla ya kufunga waya, zima umeme kwanza. Hakikisheni waya mbili hazigusani, maana zikigusana omu ni karibu na sifuri.

Na spika isiyo na namba? Mpelekee fundi redio mwenye mita. Spika ya omu 8 mara nyingi husoma 6 hivi kwenye mita, na ya omu 4 husoma 3 hivi. Isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Usiinunue.

Ndugu wanafunzi, mkienda dukani msiulize kwanza, "Yalia kwa nguvu?" Igeuzeni, someni mgongoni: omu ngapi, wati ngapi, RMS au PMPO. Muuza duka mwema atafurahi. Asiyetaka uigeuze, mwache na mali yake.

MASWALI YA DARASA

1. Spika mbili za omu 4 zimefungwa sambamba. Ni omu ngapi?
2. Amplifaya imeandikwa 8–16 Ω. Je, yafaa kuifunga na spika hizo mbili? Ziungeje ili zifae?
3. Amplifaya yasukuma kwa volti 12 kwenye spika ya omu 8. Ni wati ngapi?
4. Kwa nini namba ya PMPO haitegemewi?
5. Kila mwanafunzi asome mgongo wa redio au sabufa iliyo karibu na nyumbani kwake, aandike daftarini volti, wati na omu alizoziona, kisha awasomee wenzake.