Dereva wa lori alale wapi?

Katika Umoja wa Ulaya, dereva wa lori akiendesha kwa saa 4 na nusu, sheria inamtaka apumzike dakika 45. Tangu 2020, mapumziko yake marefu ya wiki hayaruhusiwi kuwa ndani ya gari. Mwajiri humlipia malazi. Huko nako sheria huvunjwa: mwaka 2023 madereva wa kigeni waligoma Gräfenhausen, Ujerumani, wakidai mishahara.

Lakini wa kwetu, anayepeleka mzigo Lubumbashi, kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, hupikia jiko la mkaa kando ya matairi, akalala kwa mang'amung'amu asiibiwe dizeli. Wakati wa korona aliitwa mleta ugonjwa, ilhali ndiye aliyetuletea mafuta na dawa. Serikali zimejenga vituo vya huduma za pamoja mipakani. Zimjengee na yeye bafu, choo na kitanda.